Vumbi unalokula Moiben ni barabara inayosagika

Kama unaishi Moiben, ama umewahi kufika huko wakati wa mavuno, vumbi unalijua. Ukiacha lami na kuingia barabara za ndani, lori lililobeba mahindi likikupita unafunga macho, unaziba mdomo kwa mkono, halafu unangoja hadi uone mbele tena. Nguo zilizoanikwa asubuhi zinabadilika rangi kabla ya saa sita. Mama wa chapati kando ya njia anafunika beseni lake kila mara. Tumezoea sana hivi kwamba hakuna anayeuliza: kwani hilo vumbi lote linatoka wapi?

Utasema linatoka ardhini. Sawa, lakini fikiria kidogo. Miezi michache iliyopita greda lilipita hapo. Malori yakamwaga changarawe nyekundu, ile tunayoiita maramu, na rola likaishindilia. Ulipoishika mkononi ilikuwa na punje ngumu, nyingine kubwa kama maharagwe, nyingine ndogo kama mchele. Leo punje hizo ziko wapi? Nyingi zimesagika. Kile kinachokupigisha chafya ni barabara yenyewe, ikiondoka kidogo kidogo.

Leo tutazungumzia jinsi punje ya mchanga au changarawe inavyovunjika ikikandamizwa na uzito mkubwa. Usikimbie ukidhani hii ni mada ya wahandisi peke yao. Kama wewe ni kijana wa Uasin Gishu na una kampuni ndogo, ama mnapanga na wenzako kusajili moja ili muombe kandarasi za barabara, punje hii inaweza kuamua kama mtapata faida au mtabaki na deni.

KUSHINDILIA NA KUSAGA

Wengi wetu tumekulia mashambani, kwa hivyo tuanze na trekta. Trekta zito likipita shambani udongo ukiwa na unyevu, udongo unashikana. Chembe zinasogeleana, nafasi za hewa na maji zinapungua, na mizizi ya ngano au mahindi inapata shida kupenya. Wazee husema shamba limekaza. Lakini chembe zenyewe hazijavunjika. Zimehama tu zikabanana. Ukilima kwa kina, ukaacha mizizi na wadudu wa udongo wafanye kazi yao, nafasi zile zitarudi polepole.

Jambo hilo hilo hutokea rola linapopita juu ya maramu mpya, na hapo tunalitaka. Mafundi hunyunyiza maji ya kiasi, rola linapita mara kadhaa, punje zinajipanga. Ndogo zinaingia katikati ya kubwa kama watoto wanavyopakatwa kwenye matatu iliyojaa. Hiyo ni kushindilia.

Sasa ongeza uzito. Itafika mahali punje hazina tena pa kusogea, kila moja imebanwa na jirani zake. Ukizidi kuongeza, limebaki jambo moja tu: punje yenyewe ipasuke. Hapo tumevuka kutoka kushindilia hadi kusaga. Shamba lililokaza unaweza kulilima likafunguka, lakini punje iliyokuwa moja ikawa vipande kumi haiunganiki tena, hata ufanye nini.

KILO SABA ZINAVYOGEUKA KILO ELFU

Labda utauliza: punje ni jiwe, tairi ni mpira. Mpira utavunjaje jiwe? Swali zuri. Hebu tupige hesabu.

Ukiwa na kilo 70 na umesimama kwa miguu miwili, uzito wako umesambaa kwenye nyayo zote mbili. Kila sentimita moja ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole chako cha mwisho, inabeba gramu 200 hivi. Tairi la bodaboda limejazwa upepo wa kilo 2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la lori kubwa la mizigo hujazwa kilo 7 hadi 8, na huo ndio takriban mkandamizo linaoupeleka barabarani.

Sasa linganisha na maabara. Mchanga safi wa kwatzi, yale madini magumu yanayometameta kwenye mchanga wa mto, ukiujaza kwenye mtungi wa chuma na kuukandamiza kutoka juu, kwa kawaida utahitaji kilo 100 au zaidi kwa kila sentimita ya mraba kabla ya punje kuanza kupasuka kwa wingi. Kwa hesabu hiyo kilo 7 za lori hazifiki popote. Mbona basi changarawe inasagika?

Ni kwa sababu uzito haugawanywi sawasawa. Ukitazama juu unaona tairi limekaa vizuri barabarani. Lakini huko chini punje hugusana kwa ncha tu. Robert Behringer wa Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani alifanya majaribio kwa kutumia visahani vya plastiki maalum ambavyo, vikimulikwa kupitia vioo vinavyochuja mwanga, hung'aa pale vinapokandamizwa. Kilichoonekana ni mistari ya mwanga iliyopinda kama matawi ya mti. Baadhi ya visahani vilikuwa vimebeba mzigo mkubwa sana, na jirani zake vilikuwa giza, havijabeba karibu chochote. Wanafizikia huiita minyororo ya nguvu. Ni kama kazi ya kikundi shuleni: watu kumi wameandikwa, wawili ndio wanafanya.

Tufanye mfano. Ekseli moja yenye matairi manne, ikibeba tani 10, ambazo ndizo kikomo cha sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ekseli ya aina hiyo, inaweka tani 2 na nusu juu ya kila tairi. Tuseme chini ya tairi hilo kuna mawe madogo 80 yaliyochomoza. Kila moja linapata kilo 30 hivi. Jiwe hilo nalo limekalia pointi tatu tu za mawe ya chini yake, na kila pointi ni ndogo kama kichwa cha pini, milimita moja ya mraba. Hapo kila pointi ina kilo 10 kwenye milimita moja ya mraba. Geuza iwe kwa sentimita ya mraba: ni kilo 1,000. Kutoka kilo 7 hadi kilo 1,000, na lori ni lile lile.

Hiyo ndiyo sababu mtu akikukanyaga kwa kiatu cha kisigino chembamba unapiga kelele kuliko akikukanyaga kwa gambuti.

PUNJE HUVUNJIKAJE HASA?

Huvunjika kwa njia tatu. Ya kwanza ni kumeguka kwa kona. Changarawe mpya ina kona kali, na hizo ndizo hugusana na jirani kwanza, kwa hivyo ndizo hutangulia kukatika. Ya pili ni kusuguana. Kila gari likipita punje husogea kidogo na kurudi, zikikwaruzana kama visu viwili, na kila mkwaruzo unatoa unga mwembamba. Ya tatu ndiyo kubwa: punje kupasuka katikati.

Hii ya tatu ina siri yake. Ukibana punje kutoka juu na chini, haipondeki kama ndizi. Inapasuka wima, kama kuni iliyopigwa shoka. Ukiisukuma kutoka juu na chini, tumbo lake linavutwa kwenda kando, na mawe huvumilia kubanwa lakini hayavumilii kuvutwa. Mlio mdogo unaousikia lori likipita polepole juu ya changarawe kavu, ule wa kama mahindi yanayokaangwa, baadhi yake ni punje zikipasuka hivyo.

Lakini punje iliyozungukwa na jirani wengi haipasuki upesi. Wale wa kando wanaizuia kufunguka. Fikiria matatu ya kuelekea mjini dereva akifunga breki ghafla. Kama mmebanana, hakuna anayeanguka. Kama umesimama peke yako katikati, utajikuta kwenye mapaja ya kondakta. Punje iliyo na majirani wengi inaokoka. Iliyokaliwa na wawili tu, mmoja juu na mmoja chini, ndiyo inayokufa.

MUULIZE ANAYETWANGA

Kama kwenu kuna kinu na mchi, unalijua somo lililobaki bila kwenda chuo. Ukianza kutwanga mahindi, punje kubwa zinapasuka haraka. Baada ya muda unapata chenga, kisha unga. Halafu kazi inakuwa ngumu. Unatwanga na kutwanga, unga hauwi laini zaidi, na ukipepeta unakuta bado kuna punje chache nzima kabisa zilizojificha ndani ya unga. Kwa nini zile hazikuvunjika?

Kuna sababu mbili. Kwanza, kipande kidogo ni kigumu kuliko kikubwa. Mwingereza A. A. Griffith alionyesha mwaka 1921 kwamba nyuzi nyembamba za kioo zina nguvu kuliko nene kwa kila kipimo cha unene wake. Alieleza kwamba kila kitu kigumu kina nyufa ndogo ndani, na ufa mkubwa ndio huanza kufunguka. Jiwe kubwa lina nafasi ya kuficha ufa mkubwa. Likishavunjika kupitia ufa huo, vipande vinabaki na nyufa ndogo tu, kwa hivyo ni vigumu kuvivunja tena. Mwaka 1978 Kevin Kendall aliandika katika jarida la Nature kwamba kuna ukubwa ambao ukishuka chini yake huwezi kabisa kupasua chembe kwa kuikandamiza. Itabonyea kama ugali badala ya kupasuka.

Sababu ya pili ni ile ya majirani. Punje kubwa ikishazungukwa na unga, unga unaikinga pande zote. Glenn McDowell na Malcolm Bolton, wahandisi wa Uingereza, waliliandika hili pamoja na mwenzao mwaka 1996. Walionyesha kwamba mchanga ukikandamizwa sana, ukubwa na idadi ya majirani hushindana. Wadogo wana nguvu lakini majirani wao ni wachache. Wakubwa ni dhaifu lakini wana walinzi wengi. Mwishowe wanaoendelea kuvunjika ni wale wadogo, na baadhi ya wakubwa wanabaki salama. Unapata mchanganyiko wa kila saizi, kutoka jiwe hadi vumbi.

Nenda Iten, simama ukingoni utazame Bonde la Kerio. Ukingo ule ulitokea ardhi ilipopasuka na upande mmoja kushuka. Ndani ya nyufa kama hizo mwamba husagwa na mwamba, kwa nguvu ambazo hakuna lori linaweza kufikia. Charles Sammis na wenzake walipima mawe yaliyosagwa ndani ya ufa mmoja kule California, na mwaka 1987 wakaeleza mchanganyiko wa aina hiyo hiyo: wakubwa wachache, wa kati wengi, wadogo wengi zaidi. Kinu cha nyanya yako na ufa wa dunia vinafuata kanuni moja.

MARAMU YETU IMETENGENEZWA NA NINI

Chini ya sehemu kubwa ya nyanda za Uasin Gishu kuna mwamba wa volkano unaoitwa fonolaiti, lava iliyomwagika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Ndio hutoa kokoto za kijivu. Juu ya mwamba huo, mvua ya miaka mingi ilichukua madini mengi ikaacha chuma. Chuma kikashika kutu, kutu ikagandisha udongo ukawa vinundu. Hivyo ndivyo maramu ilivyopatikana, na ndiyo maana ni nyekundu. Kwa ufupi, ni udongo uliogandishwa na kutu.

Hapo ndipo penye tatizo na nafasi pia. Vinundu vingine vimeganda sana, hata nyundo inaruka. Vingine ni ganda gumu nje na udongo laini ndani, kama andazi ambalo halikuiva. Mashimo mawili yaliyo umbali wa kilomita chache yanaweza kutoa maramu za rangi moja na tabia mbili tofauti kabisa. Kwa macho huwezi kujua.

Maji yanaongeza shida. Kinundu kilichokuwa kigumu Januari kinaweza kulainika mwezi wa nne mvua ikianza. Hata kwenye kwatzi, maji yakiingia kwenye ncha ya ufa husaidia ufa kuendelea. Kwa hivyo maramu ipimwe ikiwa imelowa, maana hata ile mbaya huonekana nzuri ikiwa kavu.

Sasa tazama mzunguko wenyewe. Lori linapita, punje zinasagika, unga unatokea. Kiangazi upepo na magari yanaubeba unga. Mvua ikija, unaobaki unakuwa tope na kuingia mitaroni. Unga ukiondoka, mawe yanabaki bila kitu cha kuyashika, bila majirani. Yanarukaruka, yanaachana, na yale makunyanzi yanayotikisa meno ya abiria wa boda yanaanza kujitokeza. Na punje isiyo na majirani, tumeshaona, ndiyo inayopasuka upesi. Mwaka wa pili barabara inaharibika haraka kuliko mwaka wa kwanza.

Uzito kupita kiasi unazidisha hayo. Jaribio kubwa lililofanywa Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, liliwapa wahandisi kanuni wanayoitumia hadi leo kwa barabara za lami: madhara ya ekseli hukua kwa nguvu ya nne ya uzito wake. Ukiongeza uzito mara mbili, madhara ni mara 16. Kwa changarawe hesabu haiko sawasawa hivyo, lakini mwelekeo ni ule ule. Mizani za Gilgil na Webuye ziko kwenye barabara kuu. Huku ndani, mwenye lori anayebeba mahindi kupita kiasi anapimwa na nani?

SI CHANGARAWE TU

Kama umewahi kufika Diani, umekanyaga mchanga mweupe laini. Sehemu kubwa yake ni matumbawe na maganda ya viumbe wa baharini. Punje zake nyingi zina matundu ndani, kwa hivyo huvunjika kwa mkandamizo mdogo sana ukilinganisha na mchanga wa kwatzi. Mwaka 1982, wajenzi wa jukwaa la gesi la North Rankin, baharini kaskazini-magharibi mwa Australia, walikuwa wakipigilia nguzo za chuma kwenye mchanga wa aina hiyo. Walitarajia mchanga ushike nguzo. Badala yake punje zilivunjika, mshiko ukapotea, na nguzo zikazama kwa urahisi uliowashtua. Marekebisho yalikuwa ghali sana.

Hata hapa Kenya, katika miaka ya 1970 watafiti wa barabara kutoka Uingereza walifuatilia barabara zetu za changarawe na kupima zinavyoisha. Waliona kwamba mambo makuu ni idadi ya magari, mvua, mwinuko wa njia na aina ya changarawe. Changarawe ya matumbawe iliisha haraka kuliko ile ya volkano. Yaani jibu la barabara gani itadumu lilikuwa tayari ndani ya punje, kabla gari la kwanza halijapita.

KIPIMO CHA TANI 40

Wahandisi hawabahatishi. Wana kipimo kimoja kinachofanya kwa dakika 10 kile ambacho malori hufanya kwa miaka. Wanachukua kokoto za ukubwa wa milimita 10 hadi 14, wanazijaza kwenye mtungi wa chuma wenye upana wa milimita 154, kisha wanazikandamiza polepole hadi tani 40 hivi. Hizo ni kama kilo 215 kwa kila sentimita ya mraba. Baadaye wanazichekecha kwa chujio la milimita 2.36. Kile kilichopita kinapimwa uzito. Kama katika kilo 100 za kokoto kilo 15 zimekuwa unga, hizo ni kokoto ngumu. Kama ni 40, kaa chonjo.

Kuna kingine kinachoitwa kipimo cha Los Angeles. Kokoto huwekwa kwenye pipa la chuma pamoja na mipira ya chuma, pipa linazungushwa mara 500, halafu unga unapimwa. Na kwa maramu yenyewe kuna kipimo cha nguvu ambapo sampuli iliyoshindiliwa huloweshwa kwa siku 4 kabla ya kudungwa na mashine. Siku 4 ndani ya maji! Ndio maana ile ya kubonyeza kwa kiatu ikiwa kavu na kusema "hii iko fiti" haitoshi.

PESA IKO WAPI HAPA?

Sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa kundi la vijana, wenye umri wa miaka 18 hadi 35 wawe angalau asilimia 70 ya wanachama, na uongozi wote uwe wao. Kwa kazi za ujenzi mnahitaji pia usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambako wadogo huanzia daraja la 8. Kumwaga na kusambaza changarawe kwenye barabara za vijijini ni kati ya kazi ambazo kampuni changa hupigania.

Hapa ndipo wengi huteleza. Gharama kubwa ya kazi hii ni kusafirisha. Kwa hivyo mwanakandarasi mchanga anatafuta shimo la karibu. Shimo la kilomita 3 linaonekana bora kuliko la kilomita 12. Lakini tupige hesabu tena. Barabara yenye upana wa mita 5 ikipoteza milimita 20 tu za changarawe, kila kilomita imepoteza mita 100 za ujazo. Kwa lori linalobeba mita 10 za ujazo, hizo ni safari 10. Kama maramu ya shimo la karibu inasagika mara mbili zaidi ya ile ya mbali, hizo ni safari 20 badala ya 10, kwa kila kilomita, na hujahesabu greda na rola.

Nani atazilipia? Kwa kawaida sehemu ya malipo yako huzuiwa hadi kipindi cha marekebisho kiishe. Barabara ikisagika kabla ya hapo, unaitwa urudi kurekebisha kwa gharama yako. Mtu aliyekopa kununua mafuta ya greda hawezi kuvumilia hilo mara mbili. Akifilisika, kijijini watasema vijana hawawezi kazi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia apime punje.

JIPIMIE KABLA YA KWENDA MAABARA

Haya unaweza kuyafanya leo bila senti. Chukua konzi chache za maramu kutoka mashimo mawili tofauti. Ziloweshe kwenye ndoo mbili usiku kucha. Asubuhi toa vinundu 20 kutoka kila ndoo, kila kimoja kikubwa kama harage, ukijaribu kukivunja kwa kidole gumba na cha shahada. Hesabu vilivyovunjika. Kama kutoka shimo moja vimevunjika 12 na kutoka lingine 2, umeshajifunza jambo ambalo rangi haikukuambia.

Kisha chukua kiasi sawa kutoka kila shimo, kavu, ukiweke kwenye kopo la chuma, na utwange kwa kipande cha mti mara 100 kwa nguvu ile ile. Kichekeche kwa chujio la jikoni na ulinganishe unga. Tumia chujio kuukuu, usije ukagombana na mama.

Angalia pia mchanganyiko. Maramu nzuri ina kila saizi: mawe madogo, chenga, mchanga, na udongo kidogo wa kushika. Ikiwa ya saizi moja tu, punje hazitakuwa na majirani wa kuzikinga. Ikiwa na udongo mwingi mno, magari yatateleza mvua ikinyesha. Yenye mawe makubwa kuliko ngumi haishindiliki vizuri.

Majaribio haya ni ya kuchuja tu. Kabla ya kutia sahihi, peleka sampuli maabara. Eldoret mna bahati: kuna Chuo Kikuu cha Moi kinachofundisha uhandisi na Eldoret National Polytechnic inayofundisha ufundi wa ujenzi. Na kama bado uko kidato cha nne hujui utasomea nini, kumbuka kwamba kazi ya fundi wa maabara ya udongo na kokoto ipo, si lazima uwe mhandisi wa digrii. Kila barabara, kila jumba, kila bwawa huanza na mtu aliyepima punje.

Hata kama huna haja na kandarasi yoyote, una haki ya kuuliza. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Kikao cha bajeti ya kaunti kikija wadi yenu, wazee watauliza barabara itakamilika lini. Wewe simama uulize haya: maramu itatoka shimo gani? Imepimwa ikiwa imelowa? Vipimo vilisemaje? Safu itakuwa na unene wa milimita ngapi baada ya kushindiliwa, na maji ya kushindilia yatatoka wapi? Kisha uulize la mwisho, ambalo huenda likanyamazisha ukumbi: malori ya mavuno yakianza kupita, nani atayapima uzito?